Nani ana haki ya kuitwa daktari? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu majina ya taaluma za afya

Mimi ni tabibu. Si daktari, ingawa tangu nianze kazi sikumbuki siku iliyopita bila kuitwa hivyo. Maswali yafuatayo nimeulizwa kwenye foleni ya wagonjwa, kwenye daladala, misibani, na siku hizi zaidi kwenye simu za ndugu walioko nje. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara, isipokuwa pale ninaposema ni za kwingine.

Jina la taaluma likilindwa kisheria, maana yake nini hasa?

Maana yake kuna daftari, na jina linakwenda na daftari. Baraza la taaluma husika linatunza orodha ya watu liliowakagua vyeti. Aliyemo anaruhusiwa kulitumia jina. Asiyekuwemo akilitumia ametenda kosa la jinai, hata kama hajamgusa mgonjwa. Hilo la mwisho wengi hawalijui: mtu akitundika kibao cha "Daktari wa Meno" mlangoni pake bila kusajiliwa, kosa limeshatimia kabla mteja wa kwanza hajaketi kwenye kiti.

Utaratibu huu tuliurithi kwa Waingereza. Bunge lao lilipitisha sheria ya udaktari mwaka 1858. Kabla ya hapo vyombo vya kutoa vibali vya tiba vilikuwa vingi kiasi kwamba mtu wa kawaida hakuwa na njia ya kujua nani kasoma na nani kajipachika. Sheria ile ilifunguliwa kwa maneno yanayosema kwamba inafaa wanaohitaji tiba wawezeshwe kumtofautisha aliyefuzu na asiyefuzu. Angalia inamtaja nani: anayehitaji tiba. Tunapogombania majina huku kazini, nani aitwe nani, tunazungumza kama vile jina ni mali yetu. Liliwekwa kwa ajili ya aliyekaa upande wa pili wa meza.

Kulinda jina na kulinda kazi ni kitu kimoja?

Hapana. Sheria inaweza kusema "usijiite hivi", au ikasema "usifanye hivi", au yote mawili.

Uingereza kwa taaluma nyingi imechagua kulinda jina. Mtu yeyote anaweza kukukanda mgongo kwa malipo, lakini hawezi kujiita mfiziotherapia kama hayumo kwenye daftari la baraza la HCPC, linalosimamia taaluma 15. Kazi zilizofungwa kabisa ni chache. Udaktari wa meno ni mojawapo. Kuzalisha ni nyingine: kumhudumia mwanamke anayejifungua ni kazi ya mkunga au daktari aliyesajiliwa, au aliye mafunzoni, na wengine huruhusiwa kwa dharura tu.

Huku kwetu sheria zinafunga kote kuwili. Kutibu bila usajili ni kosa, na kujiita jina la wanaotibu ni kosa. Kwenye karatasi, basi, sisi ni wakali kuliko Waingereza. Mtaani ni hadithi nyingine.

Mabaraza yako mangapi, na nani yuko chini ya nani?

Kwa haraka. Madaktari, madaktari wa meno, matabibu na kada shirikishi wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa sheria ya mwaka 2017. (Ndiyo, Tanganyika. Jina hilo limebaki sehemu chache, na baraza letu ni mojawapo.) Wauguzi na wakunga wana baraza lao kwa sheria ya 2010. Wafamasia na wasaidizi wao wako Baraza la Famasi, sheria ya 2011. Maabara, optometria (upimaji wa macho) na radiolojia kila moja ina baraza lake, sheria zote za 2007. Tiba asili na tiba mbadala wana baraza kwa sheria ya 2002.

Zanzibar ina mabaraza yake, kwa sababu afya si jambo la Muungano. Usajili wa Dar es Salaam haukufanyi uwe umesajiliwa Unguja.

Tabibu, daktari, daktari bingwa: nani ni nani?

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tabibu amesoma stashahada ya miaka 3 baada ya kidato cha nne. Ndiye utakayemkuta kwenye zahanati nyingi na vituo vya afya. Anasikiliza, anapima, anaandika dawa, anajua lini amwandikie mgonjwa rufaa. Chini yake yupo tabibu msaidizi mwenye astashahada. Wakenya wana kada ya namna hiyohiyo, maafisa wa kliniki, nao wana sheria na baraza lao wenyewe; sheria yao ya sasa ni ya 2017.

Daktari amesoma shahada ya miaka 5, kisha akatumikia utarajali wa mwaka 1 hospitalini chini ya uangalizi. Katika mwaka huo anaitwa daktari tarajali, na usajili wake ni wa muda. Muhimbili wanatoa shahada inayoandikwa MD, Nairobi na Makerere wanatoa MBChB. Herufi zisikutishe, wote ni madaktari.

Daktari bingwa ameongeza shahada ya uzamili katika fani moja, angalau miaka 3: upasuaji, watoto, magonjwa ya wanawake. Bingwa bobezi amekwenda mbele tena, kwa mfano kutoka magonjwa ya ndani hadi moyo peke yake. "Bingwa" ndilo neno linalotumika vibaya kuliko yote siku hizi, maana linavutia wateja. Kliniki ikiandika bangoni "daktari bingwa yupo", uliza: bingwa wa nini, na yupo siku gani?

Kati ya tabibu na daktari alikuwepo daktari msaidizi, yaani tabibu aliyerudi shule miaka 2. Wengi wao bado wako kazini, na upasuaji wa kuwatoa watoto wilayani kwa miaka mingi uliegemea mikono yao. Jina lao lina neno "daktari" ndani yake na ni halali. Ugomvi huanza "msaidizi" linapodondoka njiani.

Kisha kuna vyeo, ambavyo si majina ya taaluma. "Mganga mfawidhi" ni msimamizi wa kituo. Zahanati inaweza kuwa na mganga mfawidhi ambaye ni tabibu, wala hakuna aliyevunja sheria. Cheo kinakwambia nani anashika funguo za ofisi, hakikwambii alisoma nini.

Kwa nini serikali ina "Mganga Mkuu" wakati mganga ni wa kienyeji?

Kwa sababu neno lilikuwepo kabla ya hospitali. Kuganga ni kutibu, na anayeganga ni mganga. Hospitali zilipokuja, Kiswahili kikampa mgeni jina la mwenyeji, ndiyo maana hadi leo tuna Mganga Mkuu wa Serikali, wa Mkoa na wa Wilaya, wote madaktari wa shahada. Neno "tabibu" tulilichukua kwa Waarabu, "daktari" kwa Waingereza. Hata "hakimu" ana ndugu wa karibu kwa Waarabu, *hakim*, anayeweza kuwa mtu anayekutibu. Wa kwetu yuko mahakamani.

Matokeo yake ni kwamba jina moja limebeba watu wawili ambao sheria inawatenganisha kabisa. Mganga wa tiba asili aliyesajiliwa na baraza lake ni mtoa huduma halali kwa jina hilo. Kosa lake lingekuwa kujiita daktari.

Na wale wanaobandika "Dr." kwenye nguzo za umeme?

Unawajua. "Dr. fulani kutoka Pemba", au Sumbawanga, au Malawi: hurudisha mume, huongeza nguvu, hutoa jini kwenye biashara. Nimewahi kusimama kituoni kusubiri gari nikahesabu nguzo tatu, madaktari watatu, namba ya simu moja.

Kisheria jibu ni jepesi. Hakuna baraza linalosajili daktari wa kurudisha waume, kwa hiyo hiyo "Dr." haina daftari nyuma yake. Ugumu uko kwenye kumkamata, maana bango halina anwani na laini ya simu hubadilishwa. Lakini ujue wamechagua jina hilo kwa makusudi. Mganga aliyeandika "mganga" anakwambia ukweli wa kazi yake na unaamua mwenyewe. Aliyeandika "Dr." ameazima imani ambayo wengine waliijenga kwa miaka ya kusoma.

Mbona wanasiasa wanaitwa "Dkt."? Nao wamesajiliwa?

Hapana, wala hawahitaji. "Dkt." ina maisha mawili. Moja ni shahada ya uzamivu ya chuo kikuu, jingine ni mtu wa kutibu. Tazama viongozi wetu watatu. John Magufuli alikuwa Dkt. kwa uzamivu wa kemia. Hussein Mwinyi ni Dkt. kwa sababu alisomea tiba. Samia Suluhu Hassan ni Dkt. kwa shahada ya heshima, na ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitunukiwa Novemba 2022. Kifupisho kimoja, njia tatu, na ni mmoja tu ambaye ungemwonyesha kidonda.

Wajerumani wamelitenganisha hili vizuri. Kwao "Dr." ni shahada ya utafiti, na mtu anaweza kutibu maisha yake yote kama daktari kamili bila kuwa nayo. Neno linalomwonyesha mtabibu ni jingine, *Arzt*, na yote mawili yanalindwa na sheria ya jinai. Uingereza nako usishangae kukuta daktari wa upasuaji mlango wake umeandikwa "Mr". Ni mila ya tangu enzi za vinyozi wapasuaji, haina maana kwamba amenyang'anywa leseni.

Tatizo hutokea njia hizo zinapokutana wodini. Muuguzi mwenye uzamivu ana haki ya "Dkt." yake chuoni na kwenye makala zake. Mbele ya kitanda cha mgonjwa, jina hilo peke yake linampotosha anayelisikia. Huko California wauguzi watatu wenye shahada za uzamivu za uuguzi walilipeleka suala hili mahakama ya shirikisho mwaka 2023, wakidai haki ya kujiita hivyo. Kwa maoni yangu, njia ya kistaarabu ni kumalizia sentensi: "Naitwa Dkt. fulani, ni muuguzi wako leo."

Kijana wa duka la dawa naye ni daktari?

Karibu kila mtaa unamwita hivyo, na karibu kila mtaa unakosea. Mfamasia ana shahada na mwaka wa utarajali. Chini yake wapo mafundi dawa. Sheria inatumia hata vitenzi tofauti: mfamasia husajiliwa, wanaofuata huandikishwa, wasaidizi huorodheshwa. Ukiwaza, ni namna nzuri ya kusema kwamba wote wanatambuliwa ila si kwa kiwango kimoja.

Duka la dawa muhimu ni kitu kingine. Mpango huo ulianzia Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, na mtoa dawa wake amepata mafunzo mafupi yanayomruhusu kutoa orodha maalumu ya dawa. Ni mtu muhimu sana kijijini. Kupima na kuchoma sindano si kazi yake. Ukimwona anakufungia pazia nyuma ya kabati akuwekee dripu, hapo hatuzungumzii jina tena.

Kenya wafamasia wengi hujitambulisha kwa "Dr.", na ni mazoea ya kitaaluma huko. Msomaji wa Mombasa asinitupie mawe.

Mimi ni nesi wa kiume. Wagonjwa wananiita daktari. Nimevunja sheria?

Kuitwa si kosa. Kosa ni kujiita, au kukaa kimya kwa makusudi ili unufaike. Sheria ya Uingereza inatumia maneno yenye maana ya "kwa makusudi na kwa uongo", na huo ndio moyo wa makosa haya popote. Bibi wa miaka 80 akikwita daktari kwa heshima yake, hajakutengenezea kesi. Ukichonga muhuri wenye "Dr.", umejitengenezea mwenyewe.

Ila pima na hili: mwanaume akivaa koti jeupe anaitwa daktari, mwanamke daktari aliyesimama kando yake anaitwa "sista". Nimeona daktari bingwa akitumwa na ndugu wa mgonjwa akalete beseni. Ukisahihisha jina lako, sahihisha na la kwake.

Nilisajiliwa kama muuguzi Kenya, sasa nafanya kazi nyumba ya wazee Uingereza. Nijiiteje?

Swali hili nimeulizwa na binamu zangu wawili, kwa hasira. Nchini Uingereza jina linalolindwa ni "muuguzi aliyesajiliwa", yaani *registered nurse*. Huwezi kulitumia hadi baraza lao, NMC, likuingize daftarini baada ya mitihani yao ya kompyuta na ya vitendo. Usajili wa Nairobi ni wa kweli, lakini mipaka yake ni ya Kenya. Hata makubaliano ya kupeleka wauguzi ambayo Kenya na Uingereza walitia saini mwaka 2021 hayakuondoa hatua hiyo.

Linalouma ni kwamba kwa miaka yote hiyo neno "nurse" tupu halikulindwa. Mtu asiye na cheti chochote angeweza kujiita hivyo bila kuvunja sheria, huku aliyesoma miaka mitatu Kenya akijihadhari. Serikali yao ilitangaza mwaka 2025 kwamba italifunga pengo hilo. Ushauri wangu: kwenye wasifu andika kazi unayofanya sasa, kisha "nimesomea na kusajiliwa uuguzi Kenya". Ni kweli, na hakuna wa kukubana nayo.

Kwa madaktari na madaktari wa meno walio ndani ya Afrika Mashariki mambo ni laini kidogo, kwa sababu mabaraza hukagua vyuo kwa pamoja na kutambuana. Bado lakini unaomba usajili wa nchi uendayo. Hujipitishii tu mpakani Namanga na koti lako.

Washauri wa lishe na wa saikolojia mitandaoni nao?

Inategemea upo nchi gani. Kenya ina sheria ya wataalamu wa lishe ya 2007 na ya washauri na wanasaikolojia ya 2014. Uingereza mtaalamu wa lishe tiba, *dietitian*, analindwa, lakini *nutritionist* si jina lililofungwa, wala "mwanasaikolojia" pekee. Yaliyofungwa ni "mwanasaikolojia tiba" na wenzake wachache. Kwa hiyo video yenye koti jeupe na chati ya rangi inaweza kuwa imetengenezwa na mtu ambaye hajavunja sheria yoyote, na hajui chochote.

Nitahakikishaje kwamba huyu ni wa kweli?

Uliza maswali mawili: umesajiliwa na baraza gani, na kama nani? Hilo la pili ndilo linalosahaulika. Ana namba, sawa, lakini ni namba ya nani? Baraza linaweza kukuthibitishia, na kwa Kenya na Uingereza majina hutafutwa mtandaoni bure. Angalia pia kama leseni ya sasa iko hai. Mtu anaweza kuwa alisajiliwa miaka 20 iliyopita na leo amesimamishwa.

Daftari nalo hudanganywa. Zholia Alemi alifanya kazi ya daktari wa akili Uingereza kwa takriban miaka 20 kwa shahada ya kughushi ya New Zealand. Alikuwa daftarini kabisa, maana aliingia kupitia njia ya zamani ya nchi za Jumuiya ya Madola. Aligundulika baada ya kuhukumiwa mwaka 2018 kwa kughushi wosia wa mgonjwa, na mwaka 2023 mahakama ya Manchester ikampa miaka 7. Baraza lililazimika kurudia kukagua vyeti vya madaktari wapatao 3,000 walioingia kwa njia hiyo, wengi wao wakiwa watu safi waliokuwa wakitibu kwa miaka.

Nimemgundua feki. Nimpeleke wapi?

Njia ni mbili, na watu huzichanganya. Asiyekuwa daftarini kabisa ni wa polisi, maana baraza haliwezi kumfutia leseni mtu asiye nayo. Aliyemo daftarini lakini amejipandisha, mfano tabibu anayejitangaza bingwa, huyo ni wa baraza. Linaweza kumwonya, kumsimamisha, au kumfuta. Beba risiti, picha ya kibao, karatasi ya dawa aliyoandika. Muhuri ni ushahidi mzuri kuliko maneno kumi.

Na wewe, wakikuita daktari unafanyaje?

Mwanzoni nilikuwa namsahihisha kila mtu, foleni ikawa haisogei. Siku hizi najitambulisha mara moja, mwanzoni: "Naitwa fulani, ni tabibu wa zamu." Baada ya hapo aniite apendavyo.

Wiki chache zilizopita alikuja bibi mmoja na mjukuu wake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha nikamwambia mimi ni tabibu, daktari yupo hospitali ya wilaya, na nikiona tatizo limenizidi nitamwandikia rufaa. Akanitazama kwa muda, akapandisha khanga hadi gotini.

"Haya daktari tabibu," akasema, "mguu wenyewe huu."